Ramani ya Dakta Burkitt

Iko lawama moja inayosikika kila unapozuka ugonjwa mpya au inapoletwa dawa mpya: hawa wanasayansi hawana msimamo. Jana walisema hivi, leo wanasema vile, na kesho watatuletea jingine. Lawama hiyo si ya wajinga, na haijibiwi kwa kuwaambia watu wawaamini wataalamu basi. Mfanyabiashara anayekubadilishia maneno sokoni humwamini. Kwa nini umwamini anayekubadilishia maneno hospitalini? Dai langu leo ni kwamba nguvu ya sayansi imo katika namna inavyojiandaa kukosea. Wazo la kisayansi hupata thamani linaposemwa waziwazi kiasi kwamba mtu mwingine, hata yule asiyekupenda, anaweza kwenda kuangalia na kurudi akisema: umekosea, na ulipokosea ni hapa. Nitalifuata dai hilo katika kisa kimoja kilichoanzia Kampala, kikapita London na Philadelphia, kikarudi kwetu Mara na West Nile, na mpaka sasa hakijafungwa.

Shuleni tulifundishwa njia ya sayansi kama ngazi: kwanza uchunguzi, kisha nadharia tete, kisha jaribio, mwisho hitimisho. Ngazi hiyo si ya uongo, ila inaficha mahali penye kazi ngumu. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuujua ugonjwa ule. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akaona mtoto wa pili mwenye taya kama zile, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe mwingine humo. Akarudi kwenye majalada ya hospitali. Hapo ikadhihirika kwamba ugonjwa huo haukuwa mgeni hata kidogo. Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa ameandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya tangu mwanzo wa karne ya 20, na wanapatholojia wa Kampala walikwisha kugundua kwamba saratani za tezi za limfu zimewazidia watoto wa Uganda kuliko inavyotarajiwa. Lakini aliyeona taya aliandika taya, aliyeona figo aliandika figo, aliyeona jicho aliandika jicho. Burkitt ndiye aliyethubutu kusema kwamba vyote hivyo ni ugonjwa mmoja, saratani moja, na mwaka 1958 akalichapisha wazo lake. Kauli hiyo ingeweza kuanguka siku ile ile: kama chini ya hadubini seli za taya zingekuwa za aina moja na za tumboni za aina nyingine, habari ingeishia hapo. Zilikuwa za aina moja. Kwa hiyo tusiseme kwamba sayansi huanza kwa kuona. Wengi walikuwa wameona kwa miaka 50. Ilianza pale mtu aliposema jambo linaloweza kumwaibisha.

Hatua ya pili haikufanyika maabara. Kwa ruzuku ya pauni 25, Burkitt alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavipeleka kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza swali jepesi: je, ugonjwa huu mmeuona kwenu? Kila jibu la ndiyo likawa pini kwenye ramani ukutani. Pini zilipoongezeka zikafanya mkanda uliokata bara, kama digrii 10 hadi 15 juu na chini ya ikweta, wenye mkia ulioteremka kwenye pwani ya mashariki mpaka Msumbiji. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaondoka Kampala kwa gari la mtumba, wakasafiri wiki 10 na kilomita zipatazo 16,000, wakipita hospitali karibu 60. Angalia walichokuwa wakikitafuta. Wangetaka wagonjwa zaidi, Mulago ingewatosha. Walikwenda kutafuta mahali ambapo mgonjwa hayuko, yaani ukingo wa mkanda, ili waulize kwa nini ugonjwa unakoma pale na si kilomita 100 mbele. Mtu anayelipenda wazo lake kuliko ukweli huenda kule linakothibitika. Hawa walikwenda kule linakokatika, na safari ile, pamoja na kwamba ilitumia fedha kidogo mno na haikuwa na chombo chochote cha maana, naihesabu miongoni mwa kazi bora za kisayansi zilizowahi kufanyika katika ukanda wetu.

Ukingo ukawapa fumbo. Karibu na ikweta, Uganda na Kenya, ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Malawi ulikoma kwenye mita 900 hivi. Kusini zaidi, Msumbiji, ulikuwa wa nchi za chini tu. Kama kizuizi ni mwinuko, mbona kinashuka kadiri unavyoiacha ikweta? Alexander Haddow, aliyekuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe, akaonyesha kwamba kizuizi si mwinuko, ni baridi: ugonjwa haupatikani pale ambapo joto katika majira ya baridi hushuka chini ya nyuzi 16 hivi. Ukiongeza mvua, kwamba penye chini ya milimita 500 kwa mwaka nao hauonekani, ramani inaanza kufanana na ramani nyingine wanazozijua sana watu wa afya, ramani za magonjwa ya mbu. Basi ikatoka nadharia tete: saratani hii husababishwa na virusi, na virusi hivyo hubebwa na mbu. Wakati ule kusema kwamba saratani ya binadamu inaletwa na virusi kulikuwa karibu na kichekesho.

Hapa msikilizaji mwenye akili atanisimamisha. Atasema: mambo mawili kupatikana pamoja hakuonyeshi kwamba moja limelizaa jingine. Penye joto na mvua kuna mbu, kweli, lakini kuna migomba pia, kuna vyakula vyake na kuna koo za watu wake. Pengine ugonjwa uko katika damu ya makabila ya bondeni, na watu wa milimani hawana mbegu yake. Pingamizi hilo ni zito, na uzuri wake ni kwamba lenyewe nalo linaweza kupimwa. Kama ni damu, basi mtu wa milimani akihamia bondeni atabaki salama. Burkitt na mwenzake Dennis Wright wakaangalia wahamiaji waliotoka sehemu zisizo na ugonjwa wakaja kuishi Uganda penye ugonjwa. Waliupata. Tena waliupata wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji, jambo ambalo ndilo ungelitarajia kama kisababishi ni cha mazingira: mwenyeji hukutana nacho utotoni, mgeni hukutana nacho anapofika. Wazo la damu likaanguka, au tuseme lilipoteza nafasi yake kubwa. Linganisha hapo mawazo mawili. Lililosalia halikusalia kwa kuwa lilipendeza zaidi. Lilisalia kwa sababu lilitabiri jambo ambalo lile jingine lilikataza, na jambo hilo likatokea.

Virusi vyenyewe vilipatikana London. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, na Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyoleta saratani kwa kuku, alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alivitazama kwa hadubini ya elektroni asione kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kilipomfikia majimaji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoingiwa na bakteria. Badala ya kuyamwaga aliweka tone chini ya hadubini, akaona kwamba uchafu ule ni seli hai za uvimbe zinazoelea. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza hivyo hivyo, zikielea, na Februari 1964, katika seli hizo, virusi vikaonekana. Wako wanaosema: basi ilikuwa bahati, na bahati si njia. Nakubali kwamba ukungu ulikuwa bahati. Njia ya sayansi haidai kujua mawazo mapya yatatoka wapi. Yanaweza kutoka kwenye ndoto, kwenye ajali, hata kwenye ushindani mbaya wa watu wawili wasiosalimiana. Inachodai ni utaratibu wa baada ya hapo. Epstein hakuombwa aeleze alivyobahatika. Aliombwa seli zake, akazipeleka Philadelphia kwa Werner na Gertrude Henle, wazipime kwa mikono yao.

Na Philadelphia ndiko lilikotokea pigo. Akina Henle walitengeneza kipimo cha kingamwili za virusi hivyo, wakakijaribu kwa watu mbalimbali. Watoto wagonjwa wa Afrika walikuwa nazo nyingi, kama ilivyotarajiwa. Lakini Wamarekani wazima wasiowahi kuiona Afrika nao walikuwa nazo. Leo tunajua kwamba zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wana virusi vya Epstein-Barr, vinavyoambukizwa kwa mate, na kwamba vijana wa nchi tajiri wanaovipata wakiwa wamechelewa huugua homa ya tezi. Mbu hahusiki kuvibeba hata kidogo. Nadharia ya Burkitt, kwamba mbu hubeba virusi vya saratani, ilikuwa imekosea. Tena ikazuka hoja mbaya zaidi: kama virusi viko kila mahali, vinawezaje kueleza ugonjwa ulio mahali pamoja?

Sasa turudi kwa yule mlalamikaji wa mwanzo, anayesema wanasayansi hugeuka. Ndiyo, hapa waligeuka. Lakini tazama kilichogeuka na kilichobaki. Mkanda kwenye ramani haukugeuka. Nyuzi 16 hazikugeuka. Wahamiaji waliougua hawakurudi kuwa wazima. Kilichoanguka ni kiungo kimoja katika maelezo, na kilianguka kwa sababu kilikuwa kimesemwa waziwazi: virusi hivi, mbu huyu. Angesema kwamba ugonjwa unatokana na hali mbaya ya mazingira kwa ujumla, asingekosea kamwe, na tusingejifunza lolote. Tofauti na mfanyabiashara wetu ni kwamba yule hukubadilishia maneno bila kukuonyesha kilichomfanya abadilike. Na nina shaka kubwa zaidi na mganga, mwanasiasa au profesa ambaye kwa miaka 30 hajawahi kuona jambo lililomlazimu abadili neno. Ama amepata ufunuo, ama maneno yake yameundwa yasiweze kuguswa.

Ramani ilipobaki bila maelezo, watafiti walirudi kwa mbu wakiwa na swali jingine. Kama mbu habebi virusi, pengine anachobeba ni kile tunachokijua siku zote: malaria. Gilbert Dalldorf alikwisha kulipendekeza wazo hilo miaka ya 1960, na mwaka 1970 G. W. Kafuko wa Uganda pamoja na Burkitt mwenyewe wakaandika juu ya uhusiano huo. Wazo likawa hivi: virusi humpata karibu kila mtoto, malaria kali ya kila mara huuchokoza mfumo wake wa kinga, vitu viwili hivyo pamoja hufungua mlango. Burkitt kuandika mwenyewe juu ya maelezo yaliyochukua nafasi ya yale yake ni jambo la kupendeza, ingawa njia yenyewe haitegemei watu wawe wema. Angekataa, wengine wangelipima bila yeye.

Lakini utapimaje? Huwezi kuwaambukiza watoto malaria ili uone nani atapata saratani. Wako wanaoshikilia kwamba pasipo jaribio la maabara hakuna sayansi. Kwao elimu ya nyota nayo isingekuwa sayansi, maana hakuna aliyewahi kuihamisha nyota. Yanayofanyika pale mikono inapofungwa ndiyo yanayonivutia zaidi. Chukua swali la virusi. Wagonjwa wana kingamwili nyingi, lakini pengine saratani ndiyo inayozipandisha, si kinyume chake. Dawa ya shaka hiyo ni moja tu, kuchukua damu kabla mtoto hajaugua. Na kwa kuwa hujui nani ataugua, inabidi uchukue ya wote. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, Uganda, ikahifadhiwa, kisha wakasubiri. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1978, watoto 14 walikuwa wamepata ugonjwa, na damu yao ya zamani ilionyesha kwamba wenye kingamwili nyingi kupita kiasi walikuwa katika hatari iliyozidi ya wenzao mara 30 hivi. Mpangilio ulikuwa sahihi: kwanza kingamwili, baadaye uvimbe. Watoto 42,000 walichomwa sindano ili 14 watoe jibu. Ugonjwa unaitwa kwa jina la mpasuaji, virusi vinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr, na wazazi wa West Nile waliokubali mikono ya watoto wao ichomwe hawatajwi popote. Deni hilo ni la kweli, hata kama halibatilishi hesabu.

Kwa upande wa malaria, jaribio lililokaribia zaidi lilifanyika Tanzania, North Mara, kuanzia 1977 hadi 1982. Watoto wa chini ya miaka 10 walipewa klorokwini ili kupunguza malaria, na visa vya saratani vikahesabiwa. Vilipungua. Mtu wa propaganda angeishia hapo, apige ngoma. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1989 haikuishia hapo: ilisema kwamba visa vilikuwa vimeanza kupungua kabla dawa haijaanza kutolewa, na kwamba malaria yenyewe ilianza kurudi mradi ukiendelea, kwa hiyo haiwezekani kuapa kwamba ni dawa iliyopunguza. Miaka mitano ya kazi, na jibu likawa labda. Naliheshimu sana labda lile. Waliotaka wazo la malaria lishinde ndio walioandika kwa mkono wao kwa nini halijashinda.

Njia nyingine ikapatikana katika damu ya watu wetu wenyewe. Tangu 1954, kwa utafiti wa Anthony Allison uliofanyika Afrika Mashariki, inajulikana kwamba mtoto aliyerithi jeni moja ya selimundu, si mbili, hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Jeni hiyo hakuna daktari aliyeigawa. Kila mtoto aliipata au kuikosa kwa kura ya kuzaliwa. Kwa hiyo, kama malaria inachangia saratani, watoto wenye jeni moja wawe wachache miongoni mwa wagonjwa. Tafiti za mwanzo zilikuwa ndogo na majibu yake yalikuwa ya huku na huku, na kwa miaka mingi wazo likabaki linaning'inia. Kisha utafiti uitwao EMBLEM, uliowakusanya watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania kati ya 2010 na 2016, ukatosha kwa ukubwa, na kwa watoto wa kaskazini mwa Uganda jibu lililochapishwa mwaka 2017 lilikuwa kama lilivyotabiriwa: jeni ya selimundu ilipatikana kwa wagonjwa mara chache kuliko kwa watoto wazima. Nayo maabara ilikuwa imeongeza lake. Mwaka 2015 majaribio ya panya yalionyesha kwamba malaria ya muda mrefu huzifanya seli za kinga zijigawe mno huku kimeng'enya kinachoweza kusababisha DNA kukatika kikiwaka, na katika saratani hii ndivyo inavyokuwa: jeni iitwayo MYC hukatika kutoka kromosomu ya 8 na kubandikwa pasipo pake.

Utaniuliza: basi imethibitishwa? Imeshikiliwa na ushahidi wa pande nyingi, na pande hizo hazitegemeani, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko ushahidi mmoja mkubwa. Lakini bado kuna tundu. Karibu watoto wote wa mkanda ule wana virusi, wengi mno wanaugua malaria, na saratani huwapata wachache tu katika kila laki moja kwa mwaka. Kitu cha tatu kipo, au ni ajali tupu ya kromosomu, na hoja za pande zote mbili zinaendelea. Kutokamilika huko hakukuzuia tiba. Tangu enzi za Burkitt watoto wamekuwa wakipona kwa dawa kama saiklofosfamidi, zilizotumiwa Mulago wakati hakuna aliyejua kisababishi.

Utabiri unaofuata umekwisha kuandikwa, na unaweza kuanguka mbele ya macho yetu. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto wa Kenya magharibi mwaka 2019, na Uganda ilianza kuitoa mwaka 2025. Sehemu zote mbili zina maeneo yaliyomo ndani ya mkanda wa Burkitt. Kama malaria ni mshirika wa kweli, na kama chanjo itaipunguza vya kutosha, basi miaka kadhaa baadaye, watoto hao wafikapo umri ambao ugonjwa hupenda kutokea, yaani kati ya miaka 4 na 9 hivi, uvimbe wa taya upungue Kisumu na Lira kuliko sehemu za mkanda ambako chanjo ilichelewa. Usipopungua, wazo la malaria litakuwa matatani, na itabidi tulisikilize tatizo hilo. Ili tulijue hilo, lazima mtu awe anahesabu: karani wa rejista ya saratani katika hospitali ya wilaya anayeandika umri, kijiji na tarehe, iwepo malaria isiwepo, afadhiliwe asifadhiliwe. Rejista ya namna hiyo ndiyo aliyoikuta Burkitt Kampala mwaka 1957. Wilaya zetu nyingi leo hazina.